Toa Hiyo Wufa Kwa Kona

Nitasema mapema ili mwenye kukasirika aanze mapema: wufa nyingi za Garissa hazina shida yoyote. Shida ni kona.

Ingia nyumba yenye vijana, iwe Bulla Iftin au Bulla Punda, utaikuta palepale. Imesukumwa kwa kona nyuma ya kiti, kitufe cha besi kimezungushwa hadi mwisho, na juu yake kuna thamosi ya chai. Halafu mwenyewe anakuuliza kifua mbele, "Unaskia hiyo?" Walahi tunaskia. Mpaka mbuzi wa Soko Ng'ombe wanaskia. Lakini tunachoskia si muziki. Ni buuum moja ndefu, kama lori la mchanga lililokwama gia ya kwanza.

Na kabla mtu aanze kuniita mzee: mimi si wa ile kamati ya "punguzeni kelele". Napenda besi. Napenda ile inaingia polepole mpaka unajikuta unatingisha kichwa na hukupanga. Ndio maana naandika. Mtu anayependa besi hawezi kunyamaza akiona inavyoteswa.

Kona inaongeza, lakini inaongeza nini?

Wapenzi wa kona wako na hoja moja, na nitawapa haki yao: kona inaongeza besi. Ni kweli. Kuta mbili na sakafu zinairudisha sauti mbele badala ya kuiacha itawanyike, kwa hivyo besi inatoka kubwa bila wewe kugusa kitu. Swali ambalo hamjiulizi ni hili: inaongeza besi gani?

Twende hesabu kidogo. Usikimbie, ni ile ya fizikia ya sekondari. Kwa joto letu la digrii 35, sauti inasafiri kama mita 352 kwa sekunde. Chumba cha ploti ni futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu na kidogo kila upande. Kila chumba kiko na noti yake, ile ambayo wimbi lake likigonga ukuta na kurudi linakutana na lingine linalokuja, yanashikana, yanakuwa na nguvu zaidi. Kuipata si ngumu: gawanya 352 kwa urefu wa chumba mara mbili. Jibu ni karibu hezi 58, yaani mitetemo 58 kwa sekunde. Hiyo iko katikati kabisa ya shamba la besi. Uzi mzito zaidi wa gitaa la besi la kawaida uko karibu 41.

Sasa ona balaa. Chumba chetu ni mraba. Urefu unasema 58, upana nao unasema 58. Zote zimekalia noti moja. Na kona ndio mahali panapoziamsha zote mbili kwa nguvu zote kwa wakati mmoja. Ndio maana kwako kila wimbo uko na besi ileile. Bongo, 58. Gengetone, 58. Qaraami ya mamako, 58. Wufa yako haipigi wimbo, buda. Inapiga chumba.

Na bado hatujafika kwa uchafu wenyewe. Hiyo noti ya chumba haikai sawa kila mahali. Inakuwa kubwa zaidi ukutani, na katikati ya chumba inakaribia kufa. Kwa hivyo wewe umekaa katikati kwa mkeka, unaona besi imepotea, unasema "hii wufa ni dhaifu", unaongeza. Katikati bado hakuna kitu. Ukutani imezidi. Na upande wa pili wa huo ukuta ni nani? Ni mama mwenye mtoto mchanga. Ni mtoto wa duksi anayerudia sabaki yake. Ni msee wa Form Four anayepigana na hesabu. Yaani umelipia wufa, umelipia tokeni, na anayepata besi ni jirani. Hiyo ni biashara gani?

Dawa si kununua kubwa zaidi

Watu wengi wakiona besi ni mbaya, wanajua dawa moja tu: ingine kubwa. Hapo ndio mnapigwa.

Boksi limeandikwa "wati 10,000 PMPO", herufi kubwa kama bango la mwanasiasa. Hiyo PMPO haina kanuni ambayo viwanda vimekubaliana. Kila mmoja anajipimia kivyake, na anajipimia kwa ukarimu. Geuza wufa, soma kile kikaratasi kidogo karibu na waya wa stima. Hapo ndipo ukweli umejificha: volti 240, na wati 60, labda 80. Kitu kinachokula wati 60 kutoka kwa soketi hakiwezi kukutolea 10,000 kwa spika wimbo mzima. Hata mbuzi hatoi maziwa kuliko majani aliyokula.

Kama bado unabisha, angalia plagi yako ya pini tatu. Fyuzi yake kubwa kabisa ni ya ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni kama wati 3,100. Wufa ya wati 10,000 ya kweli ingechoma fyuzi kabla ya kiitikio cha kwanza. Ama chukua ile mitambo ya sola iliyozinduliwa hapa Garissa Desemba 2019, megawati 50. Wufa 5,000 za namna hiyo zingeimaliza yote, saa sita mchana, jua likiwaka vile tunavyolijua. Na wewe unaniambia uko na moja chini ya meza ya TV?

Hii haimaanishi wufa yako ni takataka. Inamaanisha kinyume. Wati 60 za kweli kwa chumba cha futi kumi ni nyingi sana. Ukiona hazitoshi, kitu kibaya ni mahali. Na kuhamisha ni bure. Kununua ingine ni maelfu, na karo ya mdogo wako bado inangoja.

Sasa fanya hivi

Kwanza toa thamosi. Pili, toa wufa kwa kona uiweke ukuta uleule wa TV na zile spika ndogo, karibu na katikati ya huo ukuta. Pale katikati, ile noti ya upande kwa upande haipati pa kushikia, kwa hivyo badala ya kupigana na mbili umebaki na moja. Hii si siri ya mganga. Mwaka 2002 mtafiti wa kampuni ya Harman, Todd Welti, aliwasilisha kazi yake kuhusu sabufa ngapi zinatosha chumba kimoja. Aligundua kwamba mbili zilizowekwa katikati ya kuta mbili zinazotazamana zinafanya karibu kazi ya nne. Soma tena hapo. Watu wa maabara wenye pesa walitafuta besi nzuri, wakaipata kwa kupanga, si kwa kurundika.

Tatu, iache nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani ili tundu lake la hewa lipumue. Kwa hizi seti zetu ampu iko ndani ya hilohilo boksi, na Garissa haihitaji kuongezewa joto.

Nne, usikae katikati kabisa ya chumba. Sogea nyuma futi mbili. Hapo tu, kabla ya kugusa kitufe chochote, wengine wenu mtapata besi mliyodhani haikuwa kwa wufa yenu.

Kama bado haijakaa, kuna mbinu ya zamani ya mafundi wa sauti, na itakuchekesha. Weka wufa pale unapokaa wewe, juu ya kiti chako kabisa. Cheza wimbo ambao gitaa la besi linatembea, linapanda na kushuka. Kisha tambaa. Ndio, tambaa kama mtoto, kichwa chini, ukifuata kuta. Kuna mahali utaskia buum inameza kila kitu. Kuna mahali besi imekufa. Na kuna mahali utaskia kila noti imesimama peke yake, hakuna inayomkanyaga mwenzake. Hapo ndipo wufa inakaa. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kati ya pointi mbili ni ileile, kwenda na kurudi. Ukiona aibu funga mlango. Utatoka jasho, lakini ni dakika kumi tu.

Najua mtasema waya ni fupi. Ni kweli, waya za spika ndogo zinatoka kwa wufa na hazifiki mbali. Lakini fundi yeyote wa elektroniki pale Soko Mugdi anaweza kukuongezea waya. Huwezi kuacha waya wa mita moja na nusu ukupangie maisha.

Na usiipeleke mbali sana na spika ndogo. Kwa seti za bei yetu, zile spika ni ndogo hadi haziwezi kubeba sauti ya mwanamume mzima, kwa hivyo wufa inapewa sehemu ya chini ya hiyo sauti pia. Sauti ya kawaida ya mwanamume inaanzia kama hezi 85. Ndio maana msomaji wa habari kwako anasikika kama yuko ndani ya pipa. Mbaya zaidi ni Ramadhani. Mama anaweka kisomo cha Qurani kwa hiyohiyo wufa, besi iko mwisho vile ulivyoiacha jana, na herufi ambazo msomaji amezitoa kwa uangalifu wote zinafika sebuleni zikiwa matope. Wufa ya nyumba si yako peke yako, warya. Irudishe besi chini ukimaliza.

Kama wewe ni wa ile ligi ingine, uko na stereo ya mzee yenye spika mbili kubwa na unataka kuiongezea sabufa yenye ampu yake, sheria ni zilezile na vitufe viwili zaidi. Krosova ianze karibu hezi 80. Ukiipandisha sana, sikio linaanza kujua besi inatoka wapi, na besi nzuri haina anwani. Kile kitufe cha fezi cha 0 na 180, mwambie mtu akibonyeze huku umekaa mahali pako, uchague upande ambao besi inajaa zaidi. Sauti ya sabufa ianze sifuri, iongeze hadi uiskie, kisha irudishe kidogo. Mgeni akikuuliza "wufa iko wapi?", umefaulu.

Kitu kimoja cha kuacha kabisa: trei za mayai ukutani. Wimbi la hezi 58 lina urefu wa mita sita. Trei ya mayai ni sentimita chache. Hiyo ni kama kuzuia Mto Tana ukifurika kwa chujio cha chai.

"Lakini besi ni ya kuhisi, si ya kuskiza"

Hii naiskia kila siku, kwa hivyo nijibu. Sawa, besi inahisiwa. Lakini unahisi nini? Ukiguswa bega na rafiki unahisi. Ukisukumwa na umati pia unahisi. Si kitu kimoja. Besi ya kona ni umati.

Na yule anayesema "mbona kwa arusi inapiga poa?" Juu arusi iko nje. Hakuna ukuta wa kurudisha kitu, wimbi linaenda zake na halirudi kukukaba. Nyanya zetu kwa herio hawakuwa na hii shida pia. Mikeka na matawi hayawezi kufunga ndani wimbi la mita sita, linapita tu kwenda nyikani. Sisi tumejenga mawe na simenti, tukaweka mabati juu, tukaleta wufa, na tukasahau kwamba ukuta nao unajibu.

Kitu kinachoniuma zaidi

Kuna watu watasema haya yote ni mambo ya sauti tu. Hapana. Haya ni mambo ya nani ataruhusiwa kuskiza muziki huku kwetu.

Sisi vijana wa North Eastern tumebishana na wazee kuhusu muziki tangu tupate simu. Wako wanaoamini muziki wote ni haramu, na hao wufa haiwezi kuwageuza, tuwaheshimu tu. Lakini wengi si hivyo. Wengi wamekua wakiskiza kaban kwa transista. Mzee kama huyo hachukii besi. Anachukia kuamshwa na ukuta wake mwenyewe. Ukimtikisia kitanda saa tano usiku, umempa hoja ambayo hakuwa nayo. Kesho ameenda kwa keyateka, na wiki ijayo mpangaji mpya anaambiwa kabla ya kuonyeshwa choo: hapa hakuna wufa. Si wufa mbaya. Wufa yoyote. Msee mmoja na kona yake amefungia ploti nzima.

Na usikimbilie sheria ikusaidie. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, zile NEMA inasimamia, zinasema ndani ya nyumba za makazi ni desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili na dakika moja. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono. Wachache wetu tunafika hapo hata bila wufa. Lakini kuna mtu atapakua programu ya kupima, ataona namba ni ndogo, atamwonyesha jirani simu: "Si unaona niko sawa?" Hauko sawa. Kipimo kinachotumika ni dB(A), ambacho kimetengenezwa kuipunguzia besi. Sauti ya hezi 50 inakatwa kama desibeli 30 kabla ya kuandikwa. Simu inaweza kukupa namba ya heshima huku vikombe vya jirani vinacheza kwa kabati. Kwa hivyo kipimo cha kweli ni kimoja, na hakihitaji intaneti: nenda kwa jirani, bisha hodi, keti, skiza mwenyewe. Kama ungekubali kulala hapo, endelea.

Na kuna muziki wenyewe. Sisi si watu wa juzi kwa mambo ya besi. Miaka ya 1970 na 1980 kule Mogadishu kulikuwa na bendi kama Iftin na Dur-Dur, na gitaa la besi kwa hizo nyimbo halilali. Linatembea, linajibizana na mwimbaji, linamtania mpiga ngoma. Mwaka 1988 mabomu yalipoanza kuanguka Hargeisa, kuna watu walizika kanda za redio ardhini ili zisiharibiwe. Wengine walizivusha mipaka. Nyingine zilifukuliwa baadaye, na mwaka 2017 mkusanyiko wa hizo nyimbo za zamani, *Sweet as Broken Dates*, ukatoka na ukafika mpaka uteuzi wa Grammy. Fikiria hiyo safari. Kutoka chini ya mchanga mpaka kwa simu yako. Halafu inafika sebuleni kwako, noti sita za besi zinaingia kwa wufa, na kona inazigeuza zote kuwa moja.

Watu walizika kanda ili muziki uishi. Wewe unauzika kwa kona.

Msiniambie hamna pesa, sijaomba mnunue kitu. Msiniambie chumba ni kidogo, chumba kidogo ndicho kinahitaji hii zaidi. Vuta wufa kutoka kwa kona mpaka katikati ya ukuta. Rudisha besi nusu. Sogeza mkeka nyuma. Kisha weka wimbo unaoujua toka utotoni na uhesabu noti za besi. Kama jana zilikuwa moja na leo ni nne, basi umejua nani alikuwa anakuibia.

Na ukimaliza, bisha kwa jirani, umuulize kama amelala vizuri.